Matumaini ya Wapenzi wa Klabu Zetu Yafanywe Mtaji

Kila unapokaribia msimu mpya wa ligi, katika barza za Unguja na Pemba huanza kusikika tena kauli ambayo hapana mwenyeji asiyeijua: "Mwaka huu ni wetu." Wanaoitamka kwa yakini kubwa zaidi si vijana. Ni watu wazima wenye mvi, walioanza kuifuata klabu moja tangu wakivaa kaptula za skuli, wakaoa wakiwa nayo, wakazaa wakiwa nayo, wakastaafu kazi wakiwa nayo. Klabu imeshuka daraja, wao wamebaki. Imeondokewa na wachezaji wake bora, wao wamebaki. Msimu uliopita walisema ni wao, ikawa siyo. Na msimu huu wanasema tena.

Wako wanaowacheka watu hawa. Sisi hatumo miongoni mwao. Leo tunapenda kuyatazama matumaini yao kwa uzito unaostahili, kwani tunaamini kuwa ni mali ya umma ambayo haijaandikwa katika daftari lolote, na mali isiyoandikwa hupotea kwa wepesi.

Kwanza, ni haki kusema kwamba matumaini hayo hayakuota hewani. Mzee anayekaa barzani Jaws Corner na kikombe chake cha kahawa, akasema kuwa klabu za visiwani zinaweza kumshinda yeyote, anao ushahidi. Katika Ligi ya Muungano, ambamo vigogo wa Bara walikuwemo, KMKM waliutwaa ubingwa mwaka 1984. Malindi wakautwaa mwaka 1989, na wakaurejea tena mwaka 1992. Mwaka 1995 timu yetu ya Zanzibar ilikwenda Uganda katika mashindano ya Kombe la Chalenji, ikawafunga wenyeji katika fainali na kurudi na kombe nyumbani. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuambiwa kuwa anaota.

Wala ushahidi huo si wa zamani peke yake. Disemba 2017, nchini Kenya, Zanzibar Heroes waliifunga Tanzania Bara mabao 2 kwa 1, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, na katika fainali wakatoka sare ya 2 kwa 2 na Kenya, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Januari 2023, Mlandege, klabu iliyobeba jina la mtaa, ilitwaa Kombe la Mapinduzi kwa kuifunga Singida Big Stars mabao 2 kwa 1. Mwaka uliofuata ilirudi katika fainali hiyo hiyo, ikakutana na Simba, na ikashinda kwa bao 1 kwa bila. Hapana shaka kwamba usiku ule walikuwepo wazee waliolala wakiwa na furaha ambayo mishahara yao yote haikupata kuwanunulia.

Lakini sifa bila ya ukweli haijengi. Mnamo tarehe 25 Mei 2025, Uwanja wa Amaan, ambao ulifunguliwa mwaka 1970 na ukafunguliwa upya Disemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, ulipokea mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco. Watu walimiminika. Visiwa vilivaa nyekundu, na hata wenye mapenzi na Yanga walikwenda, kila mmoja kwa nia yake. Mchezo ukaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3 kwa 1. Hatuoni kosa lolote katika hamasa ile. Linalotushughulisha ni kwamba zinapokutana klabu zetu wenyewe katika ligi ya kawaida, majukwaa yale yale huonyesha viti vitupu, na waliokaa huwa ni wale wale wenye mvi.

Hapa ndipo penye jambo la kuogopewa. Mzee huyu hana mrithi. Mwanawe anaitambua Simba, mjukuu wake anaitambua Arsenal, na jina la klabu ya mtaa analisikia siku babu anapokasirika. Vijana wetu wenye vipaji nao huvuka bahari mapema. Nadir Haroub, aliyejulikana kwa jina la Cannavaro, alitoka hapa akawa nahodha wa Yanga. Feisal Salum alitoka JKU mwaka 2018 akaenda Yanga, na baadaye Azam. Kila mtu anayo haki ya kutafuta riziki yake, na mafanikio yao ni fahari yetu. Lakini shamba linalovunwa kila mwaka bila ya kupandwa, mwenye shamba asishangae siku atakapokuta magugu.

Wasomaji wetu wanajua pia kwamba klabu zetu si za namna moja. Ziko timu za vikosi, kama KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto, ambazo mchezaji wake anaweza kupata ajira na mahali pa kufanyia mazoezi. Ziko timu za uraiani, ambazo nyingi huishi kwa mkono wa mfadhili mmoja. Akiwa na furaha, timu husafiri. Akinuna, timu hulala. Klabu iliyo katika hali hiyo haiwezi kupanga hata mwaka mmoja wa mbele, na mpenzi wake hana la kufanya isipokuwa kuomba dua na kungoja.

Tunasema basi kwamba matumaini ni ya aina mbili. Yapo ya mtu aliyekaa pwani akiitazama bahari ili upepo umletee jahazi, na yapo ya mtu aliyekwenda kuchonga mbao. Wote wawili wanaiamini safari, lakini ni mmoja tu atakayesafiri. Wazee wetu wamekaa pwani muda mrefu, na hatuwalaumu, kwani hapana aliyewapa shoka.

Ili tusionekane kuwa tunahubiri yasiyowezekana, tuchukue mfano wa watu ambao historia yetu inawajua. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walishirikiana nasi katika ujenzi wa nyumba za ghorofa za Kikwajuni. Katika mji mkuu wa nchi ile ya wakati huo, Berlin ya Mashariki, kulikuwa na klabu iitwayo Union, iliyoundwa kwa jina hilo mwaka 1966. Haikuwa klabu ya wakubwa. Iliwahi kutwaa kombe la nchi mwaka 1968, na ubingwa wa ligi haikuupata kamwe. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, klabu hiyo iliingia katika miaka ya madeni na ya madaraja ya chini. Wapenzi wake nao walikuwa na kauli yao ya "mwaka huu", na walichekwa kama wanavyochekwa wetu.

Mwaka 2004 klabu ilikuwa haina fedha za kuiwezesha kupata leseni ya msimu unaofuata. Wapenzi hawakuishia kusikitika. Kwa kuwa kule mtoa damu hulipwa fidia kidogo, walikwenda kutoa damu, na fidia ile wakaikabidhi kwa klabu, pamoja na michango mingine waliyoikusanya. Klabu ikapona. Mwaka 2008 uwanja wake uliomo katika msitu wa Köpenick ulikuwa umechakaa hata haukufaa tena kwa mashindano, na fedha za kuwalipa makandarasi kwa kazi yote hazikuwepo. Wapenzi wakavaa kofia za ujenzi. Zaidi ya watu 2,000, wakiwemo mafundi, makarani na wastaafu, walifanya kazi ya kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja hivi, saa zipatazo 140,000 kwa jumla, wakabomoa majukwaa mabovu na kujenga mapya. Mwaka 2009 uwanja ukafunguliwa. Mwaka 2011 klabu iliuza hisa za uwanja huo kwa wanachama wake, hisa moja kwa euro 500, ili tajiri mmoja asije akaununua akawageuzia mgongo.

Mwaka 2019 Union walipanda daraja la kwanza la Ujerumani kwa mara ya kwanza. Siku ya mchezo wao wa kwanza nyumbani katika daraja hilo, mamia ya wapenzi waliingia uwanjani wakiwa wamebeba picha za jamaa na rafiki zao waliokufa bila ya kuiona siku hiyo, wakaziinua juu. Walifungwa mabao 4 kwa bila na RB Leipzig. Wala haikuwa kitu. Msimu wa 2022/23 walimaliza katika nafasi ya nne, na uliofuata wakacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya pamoja na Real Madrid na Napoli.

Tunajua kwamba Ujerumani ni nchi tajiri, na kwamba Zanzibar haiwezi kuvaa koti la Berlin likamtosha kila mtu. Lakini tuangalie kilichowaokoa watu wale. Kilikuwa daftari la wanachama, ada inayolipwa, hesabu inayosomwa mbele ya watu, na mikono iliyokuwa tayari kushika sepetu. Kati ya hayo manne, hapana hata moja linalohitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Kazi ya kujitolea sisi tuliijua kabla ya kuambiwa. Misikiti, skuli na visima vingapi vya vijiji vyetu vilijengwa kwa msaragambo?

Kwa hiyo, kwa wapenzi wakongwe tunasema: msikubali kuitwa mashabiki tu. Shabiki hupiga kelele na kwenda zake, mwanachama huuliza. Jiandikisheni, lipeni ada hata ikiwa ni ndogo, na dai lenu la kwanza liwe kuhudhuria mkutano mkuu. Kila mmoja wenu amchukue mjukuu wake mkononi hadi kiwanjani, amwonyeshe mchezaji anayetoka katika mtaa wao wenyewe. Mtoto hupenda anachokishika. Nanyi mnaoyakumbuka mabao ya 1989, yaandikeni au wasimulieni wanaoweza kuandika, kwani mzee akifa na kumbukumbu zake, klabu nayo imekatwa mzizi mmoja.

Kwa viongozi wa klabu tunasema: fungueni madaftari. Hapana mwananchi atakayetoa shilingi yake kwa mara ya pili ikiwa hakuonyeshwa ile ya kwanza ilikwenda wapi. Mfadhili ni mtu wa kushukuriwa, lakini asiwe ndiye katiba. Na timu za watoto, za madaraja ya Juvenile, Junior na Central, zisihesabiwe kuwa ni mzigo unaobebwa kwa ajili ya kanuni. Hizo ndizo shamba lenyewe. Mchezaji anapovuka kwenda klabu kubwa, mkataba wake uandikwe vizuri ili klabu iliyomlea ipate haki yake, na haki hiyo irudi kwa wadogo zake waliobaki kiwanjani.

Kwa watendaji wa Serikali tunasema kwa heshima: Amaan mpya na Gombani ni fahari ya kila mmoja wetu, lakini mchezaji hazaliwi Amaan. Huzaliwa katika kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba, na kiwanja cha namna hiyo kikishajengwa nyumba hakirudi tena. Mipango ya miji na vijiji ivitambue viwanja hivyo, ivipime, na iviwekee hati. Hilo halihitaji bajeti kubwa. Linahitaji mtu wa kusema hapana kwa wakati.

Liko pia lile linalowauma wengi. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, na Julai mwaka huo huo uanachama huo ukafutwa. Wengi walifanya huzuni, na walikuwa na sababu. Hata hivyo mlango haukufungwa wote, kwani klabu zetu ziliendelea kushiriki mashindano ya Afrika ya ngazi ya klabu. Klabu iliyojipanga, yenye wanachama na hesabu safi, itakayokwenda huko na kushinda mchezo mmoja, kisha wa pili, itakuwa imejenga hoja nzito kuliko barua nyingi.

Waswahili wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wazee wetu wameipenda klabu kwa miaka 40 na 50 bila ya kulipwa chochote. Mapenzi ya namna hiyo hayanunuliwi, na hapana wizara wala mfadhili anayeweza kuyatengeneza. Yapo tayari. Yanangoja kuandikwa katika daftari, kupewa kadi, na kupewa kazi. Msimu ujao watasema tena kuwa mwaka huu ni wao. Tunawaomba viongozi wa klabu, kabla ya kauli hiyo kutolewa, waitishe mkutano mkuu na waweke meza ya kuandikisha wanachama mlangoni.