Kuzima si Kumaliza Umeme: Tahadhari kwa Wanaotengeneza Skrini Kongwe za Kompyuta Majumbani

Katika baadhi ya ofisi, skuli na majumba zingalimo skrini za kompyuta za zamani, zile zenye tyubu nzito ya kioo na mgongo mrefu. Kwa vile viwanda vikubwa vimekwishaacha kuzitengeneza, skrini ya namna hii inapoharibika si rahisi kupata nyengine mpya, na mwenyewe hushawishika kuifungua ili aitengeneze kwa mkono wake. Kukitunza kitu kikadumu ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, ifahamike kwamba chombo hiki ni miongoni mwa vyombo vichache vya nyumbani vinavyoweza kumdhuru mtu hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Asili ya tyubu hiyo ni kazi ya mwanasayansi wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, ya mwaka 1897. Nyuma, ndani ya shingo nyembamba, kipo kifaa kinachopashwa moto hadi kikatoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa kwa nguvu kubwa ya umeme kuelekea mbele, na huko huupiga unga uliopakwa nyuma ya uso wa kioo, unga ukang'aa na picha ikaonekana. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Ndani ya skrini ya rangi, umeme huo hupandishwa na transfoma maalumu hadi kufikia kiasi cha volti 20,000 au zaidi, na kupelekwa kwenye tyubu kwa waya mnene ulioishia katika kikombe cha mpira.

Tyubu imepakwa tabaka lipitishalo umeme ndani na jengine nje, na baina ya matabaka hayo mna kioo. Kwa umbile hilo, tyubu huwa kapasita kubwa, yaani chombo cha kuhifadhi umeme. Skrini inapozimwa, umeme uliohifadhiwa huweza kubakia kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa. Zaidi ya hayo, tyubu iliyokwisha kutolewa umeme huweza kujikusanyia tena sehemu yake baada ya muda mfupi. Kapasita kubwa ya sehemu inayopokea umeme wa ukutani nayo huweza kubaki na volti zinazokaribia 325. Pigo linalopita kifuani, kutoka mkono mmoja hadi wa pili, huhatarisha moyo. Hata pigo dogo huushtua mkono ukarudi kwa kasi na kuipiga shingo ya tyubu, ambayo ndiyo sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Hapo huzuka hatari ya pili. Ndani ya tyubu hamna hewa, ilhali hewa ya nje huigandamiza kwa kiasi cha kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Skrini ya inchi 14 hubeba kwenye uso wake wa mbele pekee mgandamizo wa zaidi ya kilo 500. Tyubu ikivunjika, vioo hukimbilia ndani kisha hutawanyika kila upande.

Kwa sababu hizo, kazi ya mwenye skrini inaishia kwenye gamba la nje. Na hapo hapo nje, yapo mambo ambayo aghalabu huponya kasoro bila ya kufungua kitu:

(a) Rangi moja ikitoweka, kwa mfano nyekundu, ikaguliwe kebo ya picha. Pini iliyopinda au kebo iliyolegea huleta kasoro hiyo. Ijulikane kuwa baadhi ya kebo hukosa pini moja kwa makusudi.

(b) Madoa ya rangi pembezoni mwa picha mara nyingi huletwa na sumaku ya spika iliyowekwa karibu. Spika iondolewe, skrini izimwe kwa nusu saa, kisha iwashwe tena. Skrini nyingi za rangi hujisafisha usumaku zinapowashwa.

(c) Skrini isipowaka kabisa, ijaribiwe soketi nyengine na ikaguliwe fyuzi ya plagi. Fyuzi ibadilishwe kwa yenye kipimo kile kile. Ikiungua tena, kazi isimame. Ni makosa makubwa kuweka waya au karatasi ya bati mahali pa fyuzi.

(d) Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, chombo kikiwa kimechomolewa. Matundu ya hewa yasifunikwe, wala maji yasinyunyizwe.

Skrini izimwe mara moja iwapo itatoa harufu ya kuungua, mlio wa kuchatuka, au mstari mmoja unaong'aa uliolala katikati. Katika mazingira ya pwani, unyevu na chumvi vikichanganyika na vumbi huupa umeme mkubwa njia ya kuruka, na mlio huo ndiyo dalili yake.

Yaliyobaki ni ya fundi aliyefunzwa kazi ya tyubu. Fundi wa namna hiyo hujulikana kwa mwenendo wake. Huchomoa plagi kwanza, huvua saa na pete, wala hafanyi kazi peke yake. Umeme wa tyubu huutoa kwa kifaa chenye mpini uliokusudiwa volti kubwa na rezista ya kuupunguza polepole, kikiwa kimeunganishwa na waya tupu uliosukwa unaogusa mgongo wa tyubu. Mkono wake wa pili huuweka mbali, husubiri, kisha hurudia. Bisibisi ya kawaida na glavu za jikoni si kinga.

Wenye kompyuta ambazo skrini yake imo ndani ya gamba moja na mashine, kama Macintosh ya mwaka 1984, wazidishe hadhari. Anayeifungua kwa nia ya kubadilisha sehemu ndogo tu, hujikuta mkono wake u karibu na shingo ya tyubu.

Skrini isiyotengenezeka isivunjwe kwa ajili ya kutafuta shaba, wala isitupwe ufukweni. Kioo cha tyubu za rangi kina madini ya risasi, na unga wa ndani haufai kuguswa wala kuvutwa puani. Iwekwe nzima, pakavu, mbali na watoto, hadi ipate kukabidhiwa kwa wanaohusika na taka za vyombo vya umeme.

Wananchi na watumishi wanakumbushwa: tahadhari kabla ya hatari. Swichi huzima picha tu. Umeme hubakia ndani ukimngoja atakayeugusa.