Fibromialjia: Kwa Nini Mazoezi Huuma, na Kwa Nini Yasiachwe

Mtu mwenye afya anapofanya mazoezi, ubongo na uti wa mgongo hupunguza makali ya maumivu kwa muda. Kwa wagonjwa wengi wa fibromialjia, breki hiyo haishiki sawasawa. Mwaka 1996 Eva Kosek na wenzake nchini Sweden waliwataka washiriki wakaze msuli wa paja huku wakipimwa ni mgandamizo kiasi gani unaoanza kuuma. Kwa wenye afya, kiwango hicho kilipanda. Kwa wenye fibromialjia kilishuka. Kwa maneno mengine, kadiri msuli ulivyofanya kazi, ndivyo mguso uleule ulivyozidi kuuma.

Basi mgonjwa asemapo kwamba kufua nguo asubuhi kumemlaza kitandani hadi kesho yake, hasingizii wala si mvivu. Lakini ni muhimu vilevile aelewe kwamba maumivu hayo hayatokani na msuli kuchanika au kiungo kuharibika. Hutokana na mfumo wa neva unaokuza taarifa za maumivu kupita kiasi. Asipoelezwa hivyo, ataogopa kila mwendo. Misuli italegea, pumzi itapungua, na kazi iliyokuwa nyepesi jana itakuwa mzigo.

Mtego mwingine ni siku njema. Mgonjwa akiamka na nafuu hutaka kumaliza kazi zote zilizolala wiki nzima, kisha hulipa kwa siku mbili au tatu za uchovu. Namshauri agawe kazi, apumzike kabla ya kuchoka, na asiongeze mzigo kwa sababu tu leo anajisikia vizuri.

Kipimo cha kuanzia kiwe chini ya kile anachodhani anakiweza. Dakika tano hadi kumi za kutembea kwa mwendo wa kawaida zinatosha, hata kama zinaonekana za kuchekesha. Akidumu nazo wiki moja au mbili bila kuzidiwa, aongeze dakika chache. Maumivu yakipanda, apunguze muda au kasi, asiache kabisa. Kumwambia “jikaze” si tiba.

Mwaka 2017, katika mapendekezo ya Ulaya ya EULAR, mazoezi ndiyo tiba pekee iliyopewa pendekezo lenye nguvu. Hata hivyo tusiahidi makubwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka huohuo kuhusu mazoezi ya kuongeza pumzi yalionyesha maumivu kupungua kwa takriban alama 11 katika kipimo cha 100, na uchovu kwa takriban 6 tu. Nafuu huja kwa wiki nyingi, na uchovu huwa mgumu zaidi kuondoka.

Mhudumu apime kwanza upungufu wa damu na kazi ya tezi ya thairoidi, aulize pia kuhusu usingizi na huzuni. Ikiwa juhudi ndogo humwangusha mgonjwa kwa siku kadhaa, afikirie ugonjwa wa uchovu sugu, ambao mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2021 unakataza kuutibu kwa mazoezi yanayoongezwa kwa ratiba isiyobadilika. Viungo vilivyovimba, homa, au kupungua uzito bila sababu si dalili za fibromialjia. Mgonjwa wa namna hiyo apewe rufaa.