Miti ya pamba inavyoweza kutia nguvu plastiki

Msimu wa pamba ukiisha, moshi hupanda mashambani kuanzia Itilima hadi Meatu. Mkulima anang'oa miti ya pamba na kuichoma, kama mabwana shamba wanavyoagiza, ili funza wasipate pa kujificha. Wengine huibeba nyumbani ikawa kuni. Sasa wasikilizaji wanatuuliza: ni kweli miti hiyo inaweza kutumika kwenye plastiki?

Ni kweli. Kila mmea umeshikiliwa na nyuzi za selulosi. Pamba nyeupe tunayochuma ni selulosi kwa takribani asilimia 90. Kwenye mti ipo kidogo zaidi, nayo imegandamana na gundi ya mmea iitwayo lignini. Kiwandani gundi hiyo huondolewa kwa dawa kali, kisha nyuzi huwekwa kwenye asidi ya salfa. Asidi inakula sehemu legelege, vinabaki vijiti vigumu mno. Upana wake ni nanomita chache tu. Chukua milimita moja, igawe vipande milioni moja: kipande kimoja ndiyo nanomita. Na kijiti hicho ni kigumu kupinda kuliko aluminiamu ya sufuria!

Aliyejenga nyumba ya udongo anaelewa kazi yake. Udongo mtupu ukikauka hupasuka, ukichanganywa na nyasi hushikamana. Mwaka 1995 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walichanganya vijiti vya selulosi kutoka kwa viumbe wa baharini kwenye mpira laini, na kiasi kidogo tu kiliufanya mgumu mara nyingi zaidi.

Ugumu upo kwenye kuchanganya. Selulosi inapenda maji, plastiki ya ndoo na madumu inayakataa. Zikikutanishwa hivi hivi, vijiti hufanya mabonge kama ugali uliosongwa vibaya, na plastiki hupasukia hapo hapo penye bonge. Joto nalo likizidi sana nyuzi 200, selulosi huanza kuungua.

Tusichanganye mambo, pia. Plastiki ya kawaida iliyotiwa selulosi bado haiozi, kwa hiyo mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019 haihalalishwi na miti ya pamba.

Tukiulizwa nani atafaidika kwanza, sisi tunaona ni wenye viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta. Manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu ni selulosi safi kuliko mti, na tayari yako sehemu moja. Miti imetawanyika mashambani, ni mizigo mikubwa isiyo na uzito, na lori linakula mafuta.

Kwa hiyo usiiache shambani ukingoja mnunuzi, maana funza watakula pamba ya mwakani. Akija mtu anayetaka ada ya usajili ili anunue miti yako, mpeleke kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Na vijana wanaopenda majaribio, asidi ya betri ni hiyo hiyo ya salfa. Inaunguza ngozi na kupofusha macho.