Jani la Kijani ni Jiko la Mmea

Ndugu Waislamu, kila tupitapo Tukuyu wakati wa mvua, tunaona mawingu yameufunika Mlima Rungwe, na chini yake migomba na michai imestawi. Je, chakula cha mimea hiyo hupikwa wapi, na kwa moto gani?

Jiko ni jani. Mizizi huleta maji kutoka ardhini. Vitundu vidogo vya jani huingiza hewa ukaa, ile tuitoayo tupumuapo. Rangi ya kijani, iitwayo klorofili, hunasa nuru ya jua, na nuru hiyo ndiyo moto. Hapo hupatikana sukari, chakula cha mmea, na hutoka oksijeni tuivutayo. Wataalamu huiita kazi hiyo usanisinuru. Mawingu huipunguza, hayaisimamishi.

Basi tuwe na hadhari. Mchumaji hodari wa chai huchukua majani mawili na chipukizi, akayaacha yaliyokomaa yaulishe mchai. Nasi tukikata majani mabichi ya mgomba kupita kiasi, mkungu hudumaa. Aya ya 80 ya Surat Yasin inataja moto utokao katika mti wa kijani. Na kuni za jikoni mwetu ni nuru ya jua iliyowekwa akiba na jani. Tuwafunze watoto wetu kuchukua kwa kiasi, wasije wakalivunja jiko linalowalisha.