Rilei ya Tofauti, Mlinzi wa Transfoma Kubwa

Transfoma kubwa ya umeme hulindwa kwa hesabu moja: mkondo unaoingia lazima uwiane na unaotoka. Uwiano ukivunjika, kuna mkondo unaopotelea ndani, na breka za pande zote mbili hufunguka papo hapo. Kanuni hiyo ilipatiwa hataza Uingereza mwaka 1904 na wahandisi Charles Merz na Bernard Price. Kifaa kinachoitekeleza ni rilei ya tofauti.

Transfoma za nguzoni mitaani hazina rilei hii, fyuzi zinazitosha. Rilei ya tofauti hufungwa kwenye vituo vya kupoza umeme. Umeme wa bwawa la Kidatu hufika Ubungo, Dar es Salaam, ukiwa na kilovolti 220, ukashushwa hadi 132, kisha 33, halafu 11, ndipo uingie Tegeta, Bunju, Tandika na Mbagala. Kila ngazi ina transfoma yake, na transfoma moja ikizimika, maelfu ya nyumba hubaki gizani.

Rilei haiijui transfoma mpaka ielezwe. Mfano ni transfoma ya MVA 15 inayoshusha kilovolti 33 kuwa 11. Ikibeba mzigo wake wote, upande wa 33 hupita ampea 262 na upande wa 11 ampea 787. Rilei haiwezi kupokea mikondo mikubwa hivyo, kwa hiyo kila upande huwekewa transfoma ndogo za kupimia. Zikiwa za 300 kwa 1 na 800 kwa 1, rilei hupokea ampea 0.875 na 0.984. Hakuna kilichoharibika, lakini namba tayari zimetofautiana. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa transfoma nyingine ndogo za kati. Rilei za kisasa huingiziwa vizidisho, hapa 1.143 na 1.016, na pande zote husomeka 1.

Kosa la hatari zaidi liko kwenye kundi la muunganiko. Bamba la transfoma likiandikwa Dyn11, maana yake upande wa 11 kV hutangulia kwa nyuzi 30, kama mshale ulioelekea namba 11 kwenye uso wa saa. (Waswahili huuona mshale hapo wakasema saa tano, kwenye bamba inahesabiwa namba iliyoandikwa.) Fundi akisahau kuiambia rilei, itaona tofauti ya asilimia 52 ya mzigo wakati transfoma ni nzima. Kama kiwango cha rilei kuanza kufanya kazi ni 0.3 ya mkondo wa kawaida, transfoma itastahimili mchana kutwa mzigo ukiwa mdogo. Jioni watu wakirudi nyumbani, pasi, majiko na feni zikawashwa, mzigo ukifika kama asilimia 58, transfoma hukatwa. Hitilafu haimo kwenye transfoma. Imo kwenye kisanduku cha mipangilio.

Kiwango hicho cha chini huwekwa kati ya 0.2 na 0.3 ya mkondo wa kawaida. Kikishushwa zaidi, rilei hushtushwa na makosa madogo ya vipimo. Kikipandishwa sana, shoti ndogo kati ya mizunguko ya waya haionekani mpaka mafuta yaanze kuungua. Juu yake huja mteremko, yaani kiwango hicho hupanda kadiri mkondo unaopita unavyoongezeka. Masika makuti yakiangukia laini ya 11 kV huko Chamazi, shoti iko nje ya transfoma, lakini mkondo mkubwa hupita ndani yake. Wakati huo transfoma za kupimia hukosea, na swichi ya kubadilisha volti huenda iko mbali na nafasi ya katikati. Kwa mabadiliko ya volti ya asilimia 10, pamoja na makosa ya vipimo na akiba kidogo, mteremko wa kwanza huwa asilimia 25 au 30. Mkondo ukizidi sana, mteremko wa pili hupanda hadi asilimia 60 au 80, kwa kuwa viini vya chuma vya vipimo huanza kushiba.

Transfoma inapowashwa nayo humeza mkondo mwingi kutoka upande mmoja tu, jambo linalofanana kabisa na shoti ya ndani. Kinachoutambulisha ni haramoniki ya pili, yaani mkondo wa masafa mara mbili ya kawaida. Ikizidi asilimia 15 hivi, rilei huzuiwa isikate. Kizuizi hicho hakigusi ngazi ya juu, mara 8 hadi 12 ya mkondo wa kawaida, ambayo hukata bila kuuliza.

Mipangilio haiaminiwi kwa kuandikwa tu. Mafundi huingiza mikondo ya majaribio, kisha transfoma ikiwa na mzigo halisi husoma tofauti kwenye kioo cha rilei: inapaswa kukaribia sifuri. Waya za kipimo kimoja zikiwa zimegeuzwa, itasomeka mara mbili ya mzigo. Jaribio hili la mwisho ndilo lisilopaswa kurukwa hata kwa haraka ya kurudisha umeme.

Rilei hii ikikata, breka huzuiwa na kufuli la umeme, hazirudi zenyewe. Kufuli hilo huondolewa kwa mkono baada ya mafuta kuchunguzwa na nyaya za ndani kupimwa. Ndiyo sababu umeme uliokatika kwa njia hii huchelewa kurudi kuliko ule wa fyuzi ya nguzoni.