Mawimbi na Ardhi Iliyo Chini ya Bahari

Watu wengi hudhani kwamba mawimbi, hata yawe makubwa namna gani, huchafua uso wa bahari tu, na ya kuwa chini kabisa mna utulivu. Neno hili ni kweli mahali penye kina kirefu: kina kikipita nusu ya urefu wa wimbi, toka mgongo mmoja hata mgongo wa pili, msukosuko haufiki sana. Lakini karibu na pwani sivyo.

Mgongo wa wimbi unapopita, maji yaliyo juu ya sakafu ya bahari huzidi, na uzito wake huikandamiza; bonde la wimbi likija, uzito hupungua. Nasi twajua kwamba maji ya kimo cha mita 1 hulemea kila mita mraba kwa tani 1 hivi. Basi na tuutazame mchanga wenyewe. Baina ya chembe zake mmejaa maji, nayo hupokea msukumo ule. Ila hayawezi kutoka upesi, maana njia zake ni nyembamba. Kwa hiyo bonde la wimbi lifikapo, maji ya juu yamekwisha pungua uzito, hali yale ya ndani yangali na msukumo. Hutafuta kutokea juu, na chembe huinuliwa pamoja nayo.

Tena liko jambo la pili, nalo lina hatari zaidi. Mchanga uliolegea ukitikiswa hutaka kushuka na kushikamana, kama nafaka itikiswavyo ndani ya pishi. Lakini huku nafasi zote zimejaa maji yasiyopata njia. Msukumo wake huongezeka wimbi kwa wimbi, hata chembe zikaacha kuegemeana. Karl Terzaghi alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba nguvu ya udongo yatokana na kule kuegemeana. Kukiondoka, mchanga huwa kama uji: kitu kizito huzama, na bomba jepesi lililozikwa huweza kuibuka.

Tope laini nalo halisalimiki. Agosti 1969 tufani iliyoitwa Camille ilipiga Ghuba ya Meksiko. Karibu na mdomo wa mto Mississippi palikuwa na jukwaa la chuma la kuchimbia mafuta, penye kina cha mita 100 hivi; lakini mawimbi ya tufani ni marefu mno, na kina hicho hakikuyazuia. Yalilikandamiza tope na kuliachilia, likaporomoka katika mteremko mdogo tu, likaliangusha jukwaa na kulikokota mita 30 hivi.

Siku hizi mainjinia, kabla ya kulaza bomba baharini, huupima kwanza mchanga wa mahali pale. Ukiwa mwembamba na kulegea, huweza kuufukia mtaro kwa kokoto, kwa kuwa baina ya kokoto maji hupita upesi.