Neno "Skwota" na Safari Yake Hadi Bonde la Ufa

Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei utakutana na Kangata, anayeishi na jamaa yake katika shamba la mwajiri wake Kiriri. Wanakaa pale muda mrefu hata majirani wakadhani ni wa ukoo wa Kiriri, na watoto wakatumia jina la mwenye shamba. Mwalimu akiuliza Kangata ni nani, wengi hujibu, "Ni kibarua wa shamba," wakaishia hapo. Jibu hilo si la uongo, lakini limeacha alama mezani. Mtu wa hali kama ya Kangata ana jina katika historia ya Kenya: skwota. Huenda usilione neno hili kwenye ukurasa, ila ukilielewa utaisoma riwaya yote kwa jicho jingine.

Tuanze mbali kidogo. Neno la Kiingereza squatter limetokana na kitenzi chenye maana ya kuchuchumaa. Kitenzi hicho nacho kilitoka katika Kifaransa cha kale, kilikomaanisha kuponda au kubana kitu chini. Mtu aliyechuchumaa hajaketi kitako. Anaweza kuinuka na kuondoka wakati wowote. Mnamo mwaka wa 1788 neno hili lilikuwa tayari linatumika Marekani kwa mtu aliyejikalia kwenye ardhi bila hati. Likavuka bahari hadi Australia, na huko likafanya kioja. Mwanzoni liliwahusu watu duni waliojipenyeza kwenye ardhi ya serikali, lakini kufikia miaka ya 1840 skwota wa Australia alikuwa tajiri wa kondoo, mwenye malisho yasiyoonekana mwisho na sauti kubwa katika siasa. Neno ni lile lile, mtu ni mwingine kabisa.

Afrika Kusini lilichukua sura ya tatu: Mwafrika anayeishi kwenye shamba la mzungu. Walowezi wengi waliokuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka huko, wakaja nalo.

Sasa tufike Nakuru. Ardhi ya kuanzia Naivasha hadi Nakuru na kuendelea ilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa 1904 walihamishwa, sehemu kubwa yao ikapelekwa Laikipia, na mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia na kuwapeleka kusini. Walowezi wakagawiwa mashamba. Lord Delamere peke yake alipata takriban ekari 100,000 huko Njoro. Lakini ekari hazijilimi. Mlowezi alikuwa na ardhi tele, fedha kidogo na mikono michache. Upande wa pili, familia nyingi za Wakikuyu kutoka Kiambu na kwingineko zilikuwa zimepoteza mashamba au zilitafuta malisho ya mbuzi na ng'ombe wao. Zikapanda kuelekea Bonde la Ufa. Wengine, wakiwemo Wakipsigis na Wanandi, waliingia mashambani kwa njia kama hiyo.

Mapatano yalikuwa haya: nipe kazi yako, nami nikupe mahali pa kulima na kulishia. Sheria ya 1918 iliweka kiwango cha siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Tazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya. Kule lilikozaliwa, neno skwota lilimaanisha mtu asiye na ruhusa. Kenya, skwota alikuwa mtu mwenye mkataba! Aliingia kwa mlango, akakaribishwa, akahitajika. Hata hivyo akaitwa kwa jina la mvamizi. Kwa maoni yangu hilo halikuwa kosa dogo la lugha. Jina hilo lilimfaa mwajiri, maana mtu anayeitwa mvamizi hudai haki kwa shida hata akiwa na miaka thelathini mahali pale.

Skwota mwenyewe hakujiona hivyo. Alijenga, akaoa, akazaa, akazika wazee wake pale. Mifugo yake iliongezeka, wakati mwingine ikampita mlowezi. Hapo ndipo chuki ilipoanza. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilipunguzwa kwa nguvu, na wao wenyewe wakaipa operesheni hiyo jina: kifagio. Neno hili ni letu, la Kiswahili, na kila mtoto aliyewahi kufagia uwanja wa shule analijua. Lakini kwa mzee wa Bonde la Ufa wa enzi hizo, kifagio hakikuwa cha kusafishia nyumba. Lilikuwa jina la msimu ambao zizi lilibaki tupu. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau.

Sheria ya 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 1940, ilikaza kamba zaidi. Mabaraza ya walowezi yalipewa uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota na kuwaongezea siku za kazi. Skwota alitakiwa ajue kwamba yeye ni kibarua tu, si mpangaji.

Mgogoro wa maneno ulifikia kilele Olenguruone, ambayo leo imo katika Kaunti ya Nakuru. Kuanzia mwaka wa 1941 serikali iliwaweka hapo watu waliofukuzwa kutoka maeneo ya Wamaasai. Serikali ilisema: nyinyi mmewekwa hapa kwa masharti, mtalima tunavyowaagiza. Wao wakasema: hii ni fidia ya ardhi yetu iliyochukuliwa, kwa hiyo ni mali yetu. Shamba lilikuwa moja, nalo lilikuwa na majina mawili. Walikula kiapo cha umoja, wanaume kwa wanawake, hata watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walifurushwa, nyumba na mimea ikaharibiwa, wengine wakapelekwa Yatta kwenye ukame. Kiapo chao hakikuishia pale. Kilienea mashambani na kuchangia vuguvugu la Mau Mau.

Baada ya uhuru wa 1963, neno likageuka tena. Mashamba makubwa ya Nakuru yaligawanywa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Aliyeweza kuchanga pesa akapata kipande, asiyeweza akabaki. Mwaka wa 1965 serikali iliteua kamishna maalumu wa kushughulikia maskwota. Sasa skwota hakuwa tena mtu wa mkataba na mlowezi. Alikuwa mtu asiye na shamba katika nchi yake huru. Katika lugha ya sera za ardhi za leo ni mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwingine bila idhini yake. Yaani tumezunguka miaka mia moja na zaidi, tukarudi kwenye maana ile ya Marekani.

Maana hiyo haitoshi, na Msitu wa Mau unaonyesha kwa nini. Tangu miaka ya 2000 familia nyingi zimeondolewa humo kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji, na baadhi yao walikuwa na hatimiliki mkononi. Je, mwenye hati ni skwota? Vyanzo vya maji navyo ni vya kweli: mito inayolisha Ziwa Nakuru huanzia huko Mau.

Rudi sasa kwenye riwaya. Usiseme mtihanini kwamba Msitu wa Mamba ni Mau, maana mwandishi amejenga nchi yake ya kubuni na mtahini atakukosoa. Sema kwamba hali zinafanana, kisha uthibitishe kwa matukio.

Zoezi: Lunga ni mwana wa Kangata. Baba aliishi kwenye ardhi ya mwajiri. Mwana alilima Msitu wa Mamba, akafurushwa. Ukirejelea wahusika hawa wawili, eleza ni nani kati yao aliyekuwa na ruhusa, aliipata kwa nani, na ilimlinda kwa kiasi gani. (Alama 10)